Jinsi Ndalahwa Masele Alivyobadilisha Eya Klina Asubuhi ya Harusi ya Selestina

Nyamazeni, enyi watu wa Ilemela, nanyi wa Butimba na Nyegezi, na nyote mnaooga, mnaofua na mnaogombana kando ya ziwa hili kubwa! Wekeni chini ndoo zenu, punguzeni redio, mwenye mtoto anayelia na amnyonyeshe, mwenye mume anayekoroma na amgeuze ubavu, kwa maana leo nafungua kinywa kunena neno zito. Sitanena habari za watemi waliovuka mito na majeshi yao, wala za Wajerumani waliopandisha mizinga juu ya mawe yetu. Hao wana wasomi wao, na vitabu vyao vinaliwa na mchwa kwa amani. Nitanena habari za Ndalahwa mwana wa Masele, Mwenye Spana Tatu, Mfungua Boneti, aliyesimama peke yake mbele ya injini yenye hasira, na kwa mikono yake miwili akang'oa eya klina kuukuu na kupachika mpya. Nasema peke yake kwa heshima tu. Nilikuwepo, na nati nilishika mimi.

Jina langu ni Maige, katibu wa kamati ya harusi, mtu wa kalamu wala si wa spana. Niliyaona haya yote kwa macho yangu, ingawa jicho moja lilikuwa limeingia vumbi. Anayebisha aje nyumbani kwangu, nitampa chai na nitabishana naye mpaka asinzie.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nne, zama za ruksa na soko huria, wakati vitu tulivyokuwa tukivisikia kwa wasafiri tu vilianza kutandazwa chini kando ya barabara. Mitumba ilishuka kwa marobota, redio za kaseti zikaimba katika kila kibanda, na magari yaliyochoka kwa Wajapani yakapitia Dubai kupumzika kidogo, kisha yakaja kwetu kuanza kazi upya. Moja kati ya hayo, dogo, jeupe, lenye taa kama macho ya mtu aliyeamshwa ghafla, lilimfikia Ndalahwa. Mtaa mzima ulitoka kulitazama, na siku hiyo hiyo tukalibatiza Mtoto wa Dubai. Kwa muda wa mwezi mzima Ndalahwa hakutembea kwa miguu hata kwenda kununua kiberiti, na duka lilikuwa hatua arobaini kutoka mlangoni kwake.

Basi Selestina, mdogo wake Dorotea mke wa Ndalahwa, alipata mchumba, kijana mmoja mpole aitwaye Gidion, na kamati ikakaa kupanga harusi. Ilipofika hoja ya gari la bibi harusi, akainuka Josephat, jirani yetu, mwenye pikapu ya kubebea mapanki. Mapanki, kwa wale msiojaliwa pua, ni vichwa na mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kupanda ndege kwenda Ulaya. Josephat ni mtu mwema na pikapu yake haijawahi kuharibika, ila wema wake hutanguliwa na harufu. Aliiosha pikapu ile kwa sabuni ya unga, kwa majivu na kwa ndimu, na mapanki yakabaki palepale, yakinuka ndimu.

"Ndugu wajumbe," akasema Josephat, mkono kifuani, "pikapu yangu ipo kwa ajili ya binti yetu. Nitaipamba maua."

Tulikuwa tunakaribia kupiga makofi, maana kamati hupenda hoja inayokwisha haraka, ndipo Selestina akaingia na sinia la chai. Bibi harusi haongei kwenye kamati, hilo kila mtu analijua. Akaweka sinia chini, akapiga goti.

"Shikamooni wazee wangu. Naomba mnisamehe. Baba yangu ni mvuvi, mama yangu anaanika dagaa. Shuleni waliniita Dagaa. Hata Gidion alinivisha pete pale mwaloni, mashua zikipakua. Samaki ndiye aliyenilisha na kunisomesha, simtukani. Lakini siku moja tu, wazee wangu, siku moja, naomba ninukie mimi mwenyewe."

Josephat akatazama viatu vyake, na nilimwonea huruma, maana hakuwa na kosa lolote duniani zaidi ya kazi yake. Ndipo Ndalahwa akasimama, akafunga kifungo cha koti, akanena maneno ambayo niliyaandika yote na mkono ukaniuma: "Mimi, Ndalahwa mwana wa Masele, nikiwa hai na Mtoto wa Dubai akiwa na magurudumu manne, Selestina atafika kanisani ananukia marashi, na atafika kabla ya saa nne. Nisipomfikisha, msiniite tena shemeji yake. Niiteni mpita njia." Tukapiga makofi mpaka chai ikapoa.

Kwa nini saa nne? Kwa sababu paroko wa kanisa la kule Nyegezi alikuwa na ndoa tatu Jumamosi hiyo, na alitangaza bila kutabasamu kwamba watakaochelewa watawapisha wengine na kurudi Jumamosi nyingine. Jumamosi nyingine pilau ingekuwa imeshaliwa. Na mtu asiyelielewa janga hilo hajawahi kuwa katika kamati.

Sasa sikieni adui alivyojipanga. Ijumaa jioni, Ndalahwa akirudi kutoka Nyegezi kupeleka majina ya wasimamizi, viliinuka ziwani vile vijidudu vyetu, vile vinavyopanda juu ya maji kama moshi wa tanuri na kuhamia nchi kavu kwa mamilioni. Akapita katikati yao, taa zimewaka, madirisha yamefungwa, mdomo umefungwa. Alipotoka upande wa pili, Mtoto wa Dubai alikuwa ameanza kukohoa. Moshi mweusi ukatoka nyuma. Kufika kwenye kilima cha mawe kinachotenganisha mtaa wetu na barabara kuu, akapanda nusu, akatafakari, akarudi kinyumenyume hadi kwa Shimba muuza mkaa.

Vijana wa mtaa wakamsukuma hadi nyumbani, na fundi akaitwa. Akasikiliza, akanusa, akatamka hukumu: "Eya klina imeziba. Hilo ndilo chujio la hewa. Gari linavuta pumzi kupitia pale, na pale pamejaa wadudu." Akatuachia eya klina mpya iliyomo ndani ya boksi la kadi lenye maandishi ya Kijapani, akatuambia kwamba yeye asubuhi anasafiri kwenda msibani Magu, na kwamba kazi yenyewe ni nati moja na vibanio vinne, hata mtoto anaweza. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyotuponza.

Kabla sijawafikisha uwanja wa vita, lazima niwatambulishe kwa Dorotea, Malkia wa Nailoni. Katika nyumba ya Dorotea hakuna kitu kipya kilichowahi kuvuliwa nailoni yake. Makochi yamo ndani ya nailoni, na ukikaa siku ya joto unanyanyuka nayo. Godoro limo ndani ya nailoni, na usiku, nasikia, linapiga kelele zisizoelezeka kwa wageni. Redio ina nailoni, juu ya nailoni kuna kitambaa cha kufuma, na ukitaka kubadilisha stesheni unapapasa kama daktari. Viti vya Mtoto wa Dubai navyo vilibaki na nailoni yake kutoka bandarini. Hii haikuwa tabia, ilikuwa sheria, na Ndalahwa aliitii kuliko sheria za barabarani.

Jumamosi ikapambazuka. Ewe Nyanza, maji mapana, wewe uliyemeza mitumbwi na kutema viatu, nipe pumzi niyaseme yaliyofuata! Saa moja kamili Ndalahwa akatoka nje, shati jeupe, tai nyekundu, suruali ya harusi imekunjwa hadi magotini, spana tatu mkononi. Mbili kati yake hazikuingia popote kwenye gari lile, lakini shujaa haendi vitani na silaha moja. Akasimama mbele ya boneti.

"Ewe Mtoto wa Dubai," akanena, "nimekulisha petroli, nimekuogesha kwa maji ya bomba wakati watoto wangu wanaoga ya ziwani. Leo ufungue kifua chako, niondoe kinachokusumbua, nawe usinifedheheshe mbele ya wakwe."

"Baba Kulwa," akasema Dorotea kutoka dirishani, "unaongea na gari au unalitengeneza? Wakwe wenyewe wameshaanza kunywa uji."

Boneti ikafunguka kwa kilio. Pale juu ya injini palikaa bati la mviringo lenye mfuniko, na katikati ya mfuniko nati moja yenye masikio. Ndalahwa akaishika, akaizungusha, akanikabidhi, nami nikaipokea kwa mikono miwili kama mtu anavyopokea ekaristi. Vibanio vikasalimu amri kimoja kimoja. Cha nne kilimng'ata kidole, akapiga kelele ambayo baadaye kamati ilikubaliana kuiita wimbo. Mfuniko ukainuliwa. Tukachungulia.

Mayu wane, mama yangu mimi! Eya klina ile kuukuu ilikuwa imekuwa kaburi la pamoja. Vijidudu vya ziwani vililala kwa matabaka, vumbi la kiangazi juu yao, pamba ya kutoka kwenye malori juu ya vumbi, na juu ya yote unyoya mmoja wa kuku ambaye hakuna nyumba pale mtaani iliyokiri kumfuga. Ndalahwa akaitoa, akaishika mbali na tai yake, akaiweka juu ya jiwe. Tukaiinamishia vichwa, kwa heshima ya waliomo.

Kisha boksi la Kijapani likafunguliwa. Ndani, ikiwa njano, nadhifu, mikunjo yake imepangwa kama sketi ya shule, ilikuwemo eya klina mpya, imefungwa ndani ya nailoni angavu isiyo na doa. Ndalahwa akanyoosha kidole kuichana.

"Wewe!" Sauti ya Dorotea ikapasua asubuhi. "Baba Kulwa, usithubutu! Hujaona hiyo nyingine ilivyochafuka kwa kukaa uchi? Kitu kipya kinakaa kwenye nailoni yake. Ndiyo maana wazungu wameiweka."

Shujaa akanitazama. Mimi, katibu, msomi wa darasa la kumi na mbili, nikafikiri kwa sekunde nzima, kisha nikatamka kwamba hoja ya shemeji ina mantiki. Nakiri hapa mbele yenu, na sitaki salamu za pole. Tena nilifanya zaidi: bolti ya katikati ilipogoma kupita, mimi ndiye niliyetoa kalamu yangu ya wino na kutoboa nailoni tundu dogo, la kuipitisha bolti tu, ili pasiingie hata mdudu mmoja. Ndalahwa akaifunika, akabana vibanio, akadai nati. Nikampa. Hapana, si kweli; nilimpa mara ya pili. Mara ya kwanza iliniponyoka ikatumbukia katika mabonde ya injini, na ikatugharimu robo saa, waya wa henga ya nguo na matusi mawili ya Kisukuma kuirejesha.

Saa mbili na robo Ndalahwa akaketi kwenye usukani na kuzungusha ufunguo. Mtoto wa Dubai akaunguruma! Akina mama wakapiga vigelegele! Akaunguruma kwa muda wa kuhesabu hadi tano, akatetemeka, akakata pumzi, akanyamaza. Vigelegele vikabaki hewani bila mwenyewe.

Akawasha tena. Akahesabu hadi nne, akafa. Akawasha mara ya tatu, mara ya saba, mara ambazo niliacha kuandika. Alihubiri, alibembeleza, aliteremka akapiga teke gurudumu na kuliomba radhi. Saa tatu kasoro ikafika, na jasho likateremka katika shati lile jeupe likachora ramani. Ndipo nikaona kidevu chake kinatetemeka, na hapo sikucheka, maana nilijua anachokiona: binti aliyepiga goti mbele ya kamati, na neno alilomwahidi.

Na tazama, kutoka kona ya kwa Shimba, pikapu ya mapanki ikaja ikirudi kinyumenyume, taratibu, imejaa maua ya zambarau hadi kwenye paa. Harufu ilifika kwanza, kisha maua, kisha Josephat mwenyewe, amevaa suti.

"Jirani," akasema, na hakuwa na furaha hata chembe, "mimi sikuja kukushinda. Muda ndio unaotushinda. Nimetandika mablanketi matatu mapya. Binti akikaa katikati kabisa, na upepo ukitoka mbele, huenda..." Akashindwa kumaliza, kwa sababu upepo ulitoka nyuma.

Ndalahwa akafunga macho. "Josephat mwana wa watu," akanena, sauti imeshuka, "nimepigana. Kilichobaki ni kuinamisha kichwa. Mwiteni Selestina."

Akatoka Selestina. Lakini hatukumwona Selestina, tuliona nailoni. Dorotea, kwa hofu ya vumbi la barabara, alikuwa amemvika dada yake nailoni juu ya gauni na juu ya shela, kutoka utosini hadi kwenye kisigino, ile ya kufunikia godoro la wageni, akaifunga kiunoni kwa utepe. Binti akatembea akichakarika kuelekea kwenye pikapu, machozi yanamtiririka kwa ndani. Hatua ya sita akasimama. Nailoni ikavutwa usoni ikaingia mdomoni, ikatoka, ikaingia.

"Dada, nitoe! Nitoe hii kitu, sipati hewa! Nakufa mwenzenu!"

Ndalahwa alifumbua jicho moja, kisha la pili. Akamtazama bibi harusi, jinsi nailoni inavyonyonywa na kutemwa. Akaligeukia gari. Akamtazama tena bibi harusi.

"Katibu," akaniambia polepole, "fundi alisema gari linavutia wapi pumzi?"

Nikaificha kalamu yangu mfukoni.

Boneti ikafunguliwa mara ya pili, nati ikaondoka, vibanio vikaruka. Ndani, eya klina yetu nzuri ilikuwa imekumbatiwa na nailoni iliyonyonywa hadi ikagandamana nayo. Ndalahwa akainyanyua kwa mikono miwili, akaenda mbele ya mke wake, akapiga goti kwenye vumbi na suruali ya harusi.

"Mama Kulwa, miaka tisa nimeishi chini ya sheria yako. Nimelala juu ya godoro linalopiga kelele, sikulalamika. Nimekaa kwenye kochi likanibandua ngozi ya mapaja, nikasema ahsante. Sijawahi kukuomba hata siku moja. Leo nakuomba. Niruhusu nimvue huyu mmoja. Huyu mmoja tu."

Dorotea akaitazama ile eya klina, njano, safi, mpya kabisa. Nilimwona anavyoumia. Mtu aliyekulia nyumba ya nyasi ambako vitu vizuri viliozeshwa na mvua kila masika, huyo akikifunika kitu si ubahili, ni kukipenda. Kisha akamtazama mdogo wake, shela limelowa machozi.

Akaenda kwa Selestina kwanza. Akaichana ile nailoni kutoka juu hadi chini kwa kucha zake, raa! Halafu akamnyang'anya mumewe eya klina, akaing'ata nailoni yake kwa meno, akaivua, akaitema chini. "Chukua," akasema. "Na ikichafuka, utaifua wewe."

Saa tatu na dakika kumi na mbili ufunguo ukazungushwa. Mtoto wa Dubai akavuta pumzi, na mlio wake ukapiga kwenye mawe ya Ilemela na kurudi, na mbuzi watatu wakakimbia bila kujua wanakwenda wapi. Selestina akapakiwa nyuma, Dorotea kando yake, mimi mbele na kalamu yangu iliyopinda. Josephat akatutangulia na pikapu akipiga honi kutufungulia njia, na nakwambieni, hakuna aliyesimama mbele ya pikapu ile. Tukakipanda kilima cha mawe kwa gia ya pili! Waliokuwa bombani wakaangusha ndoo. Tukapita mjini, tukapita Butimba, marashi ya Selestina yamejaa gari zima mpaka nikapiga chafya njia nzima, na sijawahi kupiga chafya kwa furaha kiasi kile.

Saa nne kasoro dakika nne tukasimama mbele ya kanisa. Gidion alikuwa mlangoni, amekonda kwa saa moja tu. Paroko alikuwa ameshika saa. Ndalahwa akashuka, akafungua mlango wa nyuma, maana kwa desturi ni shemeji anayempa mkono bibi harusi ashuke. Akaunyoosha mkono, akauona. Ulikuwa mweusi kwa grisi hadi kwenye kiwiko. Akauficha nyuma haraka.

"Shemeji, nipe mkono," akasema Selestina. Alikuwa amevaa glavu nyeupe za lesi.

"Mchafu, mdogo wangu. Shikilia mlango tu."

"Nimesema nipe."

Akampa. Selestina akaushika kwa nguvu, akashuka, na alipouachia, vidole vyote vya Ndalahwa vilikuwa vimebaki kwenye ile glavu. Akina mama wakapiga yowe, Dorotea akalowesha leso kwa mate. Selestina akaikataa leso ile. Akanusa kiganja chake mbele ya watu wote, akacheka mpaka shela likapepea, akaingia kanisani ameshika maua kwa mkono ule ule. Ndalahwa akabaki nje kwa kitambo, ameegemea gari lake, analia wazi bila kujifuta, kwa sababu kila alichokuwa nacho cha kujifutia kilikuwa na grisi.

Basi na ijulikane kwa vizazi vijavyo, kwa Wasukuma na Wajita, kwa Wakerewe na Wajaluo, na kwa kila atakayemiliki gari katika pwani hii: siku ile mtu mmoja alitoa nati, akarudisha nati, na ulimwengu ukaenda kama ulivyopangwa. Kamati ilipokaa kwa mara ya mwisho, mjumbe mmoja alitaka iandikwe kasoro kuhusu doa la kwenye glavu. Nilimwomba akae. Nikafungua kitabu, nikatafuta mahali palipoandikwa Usafiri, nikaandika: Bibi harusi alifika, na alinukia.